Kazi ya Kiwandani Ukiwa Nyumbani: Fundi wa PLC Anaipata Wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha saruji Tanga, mwaka wa nne sasa. Nashughulika na mota, VSD (vidhibiti vya kasi ya mota) na PLC za Siemens, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo. Nasikia kampuni kubwa za viwanda huko Ulaya zinawaruhusu watu kufanya kazi wakiwa nyumbani. Nimeomba nafasi mbili zilizoandikwa hivyo, zote nikajibiwa kuwa siko nchi husika. Hizi kazi zipo kweli kwa mtu kama mimi?

JIBU: Marahaba. Zipo, ila wewe na mwajiri mnaelewa tofauti maana ya “nyumbani”.

Chukua Siemens yenyewe. Julai 2020 ilitangaza kuwa wafanyakazi wake zaidi ya 140,000 duniani wangeweza kufanya kazi nje ya ofisi siku mbili au tatu kwa wiki, pale kazi inaporuhusu. Siku mbili au tatu. Mtu wa Munich anabaki kwake Jumatatu, Jumanne yuko ofisini, na mkataba wake ni wa Ujerumani siku zote saba. Tesla ilikwenda kinyume kabisa: 2022 Elon Musk aliwaandikia wafanyakazi kwamba anayetaka kufanya kazi kwa mbali atimize kwanza saa 40 ofisini kila wiki, akiongeza kuwa hata hizo ni pungufu ya zile wanazodaiwa watu wa kiwandani. Hoja hiyo ina uzito kuliko watu wanavyokubali. Kwenye kiwanda, mpanga ratiba akishinda kwake huku mwendesha mashine akipiga zamu ya usiku, minong’ono huanza.

Sasa kwa nini ulikataliwa? Kampuni ikikuajiri ukiwa Tanga, sheria za kazi za Tanzania zinaigusa: PAYE, NSSF, likizo, taratibu za kuachisha kazi. Kulingana na kazi unayofanya, mamlaka ya kodi inaweza hata kudai kuwa kampuni hiyo inafanya biashara hapa na ilipe kodi ya mapato. Hakuna ofisa wa rasilimali watu atakayebeba mzigo huo kwa ajili ya fundi mmoja. Kwa kampuni za Marekani kuna kikwazo kingine: baadhi ya michoro na teknolojia, kumwonyesha tu mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu huhesabiwa kuwa ni kuiuza nje ya nchi, na huenda ikahitaji kibali. Kwa hiyo ukiona tangazo, kabla ya mshahara, tafuta mkataba unafungwa nchi gani. Njia zinazobaki ni kampuni yenye tawi lililosajiliwa kwenu, kampuni ya kati inayokuajiri kisheria kwa niaba yake, au wewe mwenyewe kuwa mkandarasi na kujilipia kodi. Na anayekuomba “ada ya usajili” ni tapeli, mfute.

Tuje kwenye PLC, maana hapo ndipo penye swali lako hasa. Kitaalamu unaweza kuingia kwenye PLC iliyo bara jingine kwa VPN (njia ya siri ndani ya mtandao) ukasoma hitilafu. Lakini kulazimisha “output”, yaani amri ya PLC inayowasha mota, iwake ukiwa sebuleni, wakati hujui kama kuna mtu ameinama ndani ya konveya, ni jambo la kuua. Viwanda makini havikubali bila fundi aliye pale pale na mawasiliano ya moja kwa moja, na mtandao wa mitambo hutengwa na wa ofisi. Hofu yao ina sababu. Machi 2019 kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ya Norwei ilishambuliwa na virusi vilivyofunga kompyuta zake, na baadhi ya viwanda vikarudi kuendeshwa kwa mkono. Mwaka 2021, wadukuzi waliingia Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, kwa nywila ya akaunti moja ya VPN isiyokuwa na uthibitisho wa pili. Baada ya hapo, nani atampa mgeni asiyemjua mlango wa kuingilia kwenye mtambo?

Kinachofanyika kwa mbali ni kazi ya kabla mtambo haujawashwa: kuandika programu, kuijaribu kwenye PLC ya kuigiza, kuchora skrini za HMI (anazotazama mwendesha mtambo) na michoro ya paneli, kuandaa karatasi za majaribio. Wakati wa kuusimika mtambo, mtu anafunga safari na kulala site wiki kadhaa. Wanaoigawa kazi hii kwa wakandarasi, kwa maoni yangu, ni kampuni ndogo zinazojenga mifumo ya udhibiti kwa ajili ya viwanda, kuliko makampuni makubwa yenyewe. Waandikie hao, wakiwemo wa Nairobi na wa Ghuba, na useme kwamba uko tayari kusafiri. Anayejua tanuri linavyokorofisha saa nane usiku ana thamani kwao kuliko aliyejifunzia darasani, kwa hiyo usiache kiwanda bado.

Cha kuonyesha utengeneze mwenyewe. CODESYS, programu ya kompyuta ya kuandikia PLC, inapakuliwa bure na ina PLC ya kuigiza ndani yake. Andika mfululizo wa konveya tatu zenye interloki (moja ikisimama, zinazoilisha nazo zisimame), ueleze kwa Kiingereza safi kila alamu inatokana na nini. Usipeleke hata mstari mmoja wa programu ya kiwanda chako. Ni mali ya mwajiri, na anayekusaili ataona wazi kwamba kesho utaondoka na yake pia.