Kalenda ya mwaka ya tawi: anza na tarehe mbili

Umeuliza tawi la kanda la chama cha hali ya hewa na sayansi ya bahari lipangeje shughuli za mwaka. Anza na tarehe zisizohama: 23 Machi, Siku ya Hali ya Hewa Duniani (mkataba wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, ulianza kutumika siku hiyo mwaka 1950), na 8 Juni, Siku ya Bahari Duniani. Ongeza mihadhara minne au mitano, basi. Ukiahidi mmoja kila mwezi utaishiwa wazungumzaji. Pia watabiri wa hali ya hewa wazungumze, si watafiti peke yao.

Shuleni pelekeni onyesho la matabaka ya maji: gramu 35 za chumvi kwa lita 1 ya maji, tia rangi, kisha mimina juu yake maji yasiyo na chumvi, taratibu, yakiteremka kwenye mgongo wa kijiko. Ukimimina kwa pupa yanachanganyika na watoto hawaoni kitu. Joto la maji yote liwe sawa, la sivyo hutajua kilichoyatenganisha ni chumvi au joto.

Safari ya majini ndiyo huvurugika zaidi, kwa sababu ya upepo (ndiyo, hata kwa watabiri), kwa hiyo tangazeni tarehe ya akiba mapema. Diski ya Secchi (kisahani cha kupimia uangavu wa maji) ishusheni upande wenye kivuli cha chombo. Mng'ao wa jua juu ya maji huharibu kipimo.

Ripoti? Siku ileile ya shughuli andika mada, idadi ya waliohudhuria na gharama. Ukingoja Desemba utakuwa unakisia.