Mbao mbichi humdanganya mtoto: kwa wanaoanza kazi ya vichezeo
Wadogo zangu, wiki hii nimekuta kwenye atelye, karakana yetu, ubao wa maumbo uliokatwa katika mkaratusi ulioshushwa mtaani Ndosho, hapa Goma, juzi tu, na tayari umepakwa vanishi. Mikono yenu ni hodari kuliko yangu nilipokuwa na umri wenu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Basi someni haya kabla msumeno haujawashwa tena, umeme ukirudi.

1. Anzeni na mkono wa mtoto, si na mchoro. Mtoto huanza kushika kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada anapokaribia kutimiza mwaka. Kabla ya hapo hutumia kiganja kizima, na kishikio chembamba humfurahisha mzazi peke yake.

2. Mbao zikauke. Agizo langu kubwa la kwanza lilitoka kwa shule moja ya maternele, yaani chekechea, nalo lilikuwa la vibao vyenye mashimo ya duara, mraba na pembetatu. Mbao kavu zilikuwa ghali, muda ulikuwa mfupi, nami nikajidanganya kwamba vanishi ingetuliza unyevu. Siku ya kukabidhi kila kipande kiliingia bila shida. Kiangazi kilipofika mbao zikaendelea kukauka, na kwa kuwa mbao hunywea kwa kukatiza nyuzi zake na karibu hazinywei kabisa kwa kufuata nyuzi hizo, duara langu likawa yai, na shimo lake likawa yai lililolalia upande mwingine.

Nilipopita shuleni nilimkuta binti wa miaka mitatu akipeleka duara mahali pake, sawasawa kabisa, likakataa. Alilisukuma, akaligeuza juu chini, akanitazama, kisha akalipeleka kwenye shimo la mraba, likazama humo kwa kulegea. Mwalimu akaninong'oneza kwa huruma kwamba huyo bado hajajua maumbo. Alikuwa anayajua! Maria Montessori, daktari na mlezi wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto, yaani shule ya wadogo, mjini Roma mwaka 1907, alitaka kifaa chenyewe kimwonyeshe mtoto kosa lake bila mtu mzima kuingilia. Mimi nilikuwa nimeunda kifaa kinachokosoa jibu sahihi. Vibao vyote nilivirudisha kwa gharama yangu, lakini sina hakika kwamba yule binti aliwahi kuambiwa kwamba kosa halikuwa lake.

Kwa hiyo pangeni mbao kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, pimeni kipande kimoja kwenye mizani kila wiki, na msikate mpaka uzito uache kushuka. Wala msiniambie kwamba mafundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nao hutumia mkaratusi: chukudu hubeba magunia ya viazi, haimtahini mtu maumbo.

3. Kipande kinachozama chote katika silinda ya kupimia yenye kipenyo cha milimita 31.7, ile inayotumiwa na viwango vya Ulaya na Marekani, hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa maana kinaweza kumkaba koo.

4. Rangi ya milango, hapana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi, yale madini yenye sumu yanayotiwa katika baadhi ya rangi, mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kichezeo hupita mdomoni kabla hakijafika mkononi vizuri. Muuzaji wa mtaa wa Birere asipoweza kuwaonyesha kopo lililoandikwa kwamba rangi haina risasi, uacheni ubao na sura yake ya asili.

5. Kichezeo kimoja, kazi moja. Mmoja wenu amenionyesha mchoro wa gari lenye herufi, tarakimu, saa na ramani ya majimbo yote 26 ya Kongo, akieleza kwamba mzazi hupenda kuona pesa yake imekwenda wapi. Ni kweli, mzazi hupenda. Mwenye miaka miwili anataka kuona gari linakwenda linaposukumwa na linasimama likigonga ukuta, na hapo tayari ana somo la kutosha asubuhi nzima. Ondoeni ramani na saa, magurudumu yabaki, na kila ekseli, fimbo inayobeba magurudumu, ivutwe kwa nguvu za mtu mzima kabla gari halijatoka mlangoni.