Jibu kwa wa Wesha: spinaka ya Wayfarer kongwe, pima boti yako kwanza ndio utafute tanga

Waaleikum salaam sheikh wangu, na wote mliochangia huko juu. Nimesoma ulivoeleza, kwamba umepata Wayfarer, boti ndogo ya matanga, ya mbao ya zamani, mlingoti mzima, mti wa spinaka (ule wa kusukuma kona yake nje ya mlingoti) upo, ila spinaka yenyewe, lile tanga jepesi la tumbo linalotwekwa mbele upepo ukiwa nyuma, ukiigusa tu inachanika, na kuna mtu Dar anakuuzia spinaka ya yoti kubwa kwa bei rahisi, mwengine kakwambia ukashone ya kitambaa cha mwavuli, na mwengine tena kakwambia achana nayo boti inakwenda vizuri tu na matanga mawili. Mie ntakujibu kwa nnavojua, mana boti za namna hii ndio kazi yangu huku Fumba, Unguja, nazitengeneza na kuziendesha, na suala la spinaka nimehangaika nalo sana.

Kwanza huyo anaekwambia uachane nayo mie sikubaliani nae kabisa. Angalia ulipo. Ukitoka Wesha huko Pemba kwenda kisiwa cha Misali unaelekea magharibi, na upepo wetu ni kusi au kaskazi, kusi linakuja kutoka kusini mashariki na kaskazi inakuja kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili upepo unakukuta nyuma kwa ubavuni, na hapo ndipo spinaka inapofanya kazi yake. Kurudi ndio utabisha, hilo halina dawa. Sie huku tukitoka Kizimkazi kuja Fumba wakati wa kusi ni hivo hivo, upepo uko mgongoni njia nzima, na boti yenye spinaka na isiyokuwa nayo hazifiki pamoja hata kidogo.

Na boti uliyonayo ni boti ya heshima. Wayfarer aliichora Ian Proctor mwaka 1957, urefu mita 4.82, na Frank Dye aliiendesha ya aina hiyo hiyo isiyokuwa na sitaha nzima kutoka Scotland mpaka Iceland mwaka 1963, mwaka uliofuata akaenda nayo Norway. Nnakwambia haya ili usije ukaibebesha tanga bovu ukaona boti ndio mbaya.

Sasa tuje kwenye tanga. Watu wengi wanatafuta spinaka kwa jina, "nataka ya Wayfarer", ikikosekana wanachukua yoyote. Jina linasaidia, ukiipata ya Wayfarer yenyewe ilo nzima basi chukua umalize, ina kama mita 13.5 za mraba na ndio iliyopangiwa boti hiyo. Lakini ikikosekana unatakiwa uwe na vipimo viwili vya boti yako vimeandikwa kwenye karatasi, na hivi viwili ndio vitakwambia tanga gani linakufaa hata kama halina jina. Cha kwanza ni masafa kutoka uso wa mbele wa mlingoti mpaka pale waya wa mbele unaoshika mlingoti unapofungwa omoni, yaani mbele kabisa ya boti, mafundi wa ulaya wanakiita J. Cha pili ni urefu kutoka sitahani kupanda mpaka kwenye kapi ya henza (kamba ya kutwekea) ya spinaka, hicho wanakiita I. Pima mwenyewe kwa tepu usitegemee kitabu, mana boti za zamani watu wamezibadilisha sana, kapi imehamishwa, mlingoti umekatwa chini ulipooza, na kadhalika.

Ukishavipata kuna hesabu ya zamani iliyotumika kwenye mashindano ya yoti miaka ya 1970, ambayo mie bado naitumia kama kianzio. Chukua I uizidishe kwa yenyewe, chukua J uizidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, halafu zidisha kwa 0.95, hapo umepata urefu wa pembeni wa spinaka usiotakiwa kuupita. Upana mkubwa ni J mara 1.8. Mfano tu, sio vipimo vya boti yako: I ikiwa mita 4.6 na J mita 1.5, urefu wa pembeni unakuja mita 4.6 hivi na upana mita 2.7. Hii hesabu ilikuwa ya yoti za baharini kwa hiyo inakupa tanga la adabu, boti ndogo za mashindano hubeba pana zaidi ya hapo mana mti wao ni mrefu. Ila urefu usiuchezee. Tanga refu kupita uwezo wa mlingoti linakwenda kulala majini mbele ya omo na ukiliburura huko wewe na boti mnapinduka. Pungufu kidogo haina neno.

Ndio mana hiyo spinaka ya yoti kubwa ya Dar mie nnakwambia iache, hata kama bei ni bure. Sio ukubwa tu. Yoti kubwa mara nyingi hutumia nailoni nzito, na kwako wewe unataka ile nyepesi ya aunsi 0.75 (ndivo mafundi wanavotaja uzito wa kitambaa), ambayo hata upepo mdogo wa maleleji unaibeba. Nzito inaning'inia tu. Na usidanganyike kwamba utaikata iwe ndogo. Tanga la spinaka duara lake limo ndani ya kila mshono, kila kipande kimekatwa kwa mkunjo wake, ukikata pembeni umelitoa umbo lote na unabaki na kitambaa.

Hapo hapo nijibu na la kushona. Mafundi wetu wa matanga, Nungwi, Mkokotoni, na huko kwenu Pemba, wana ujuzi ambao mie nauheshimu sana, mtu anakukatia tanga la ngalawa kwa macho, anatia kamba pembezoni, likitwekwa linakaa. Lakini tanga la ngalawa tumbo lake linatokana na ukingo ulivokatwa na kamba ilivovutwa, katikati kitambaa ni bapa. Spinaka haina mlingoti wala foromali (mti wa kichwani mwa tanga) ya kuishika, imeshikwa kona tatu tu, kwa hiyo umbo lote lazima lishonwe ndani, na hiyo inataka ramani ya kila kipande. Bila ya ramani fundi atakushonea kitu kinachofanana na spinaka chini lakini kikipanda kinakunjika katikati. Kama unataka kushona, shona kwa kit iliyokatwa tayari, Sailrite wa Marekani wanauza vipande vishakatwa, fundi wako anaunganisha tu kwa cherehani ya zigizaga na uzi wa polyesta mwembamba. Uzi wa pamba usitie, na mshono mnyoofu usikubali, nailoni inavutika na mshono huo unakatika. Kitambaa cha mwavuli cha Mchangani nimewahi kukitumia kwa viraka vya haraka na kinasaidia siku hiyo ufike nyumbani, tanga zima la kitambaa hicho mie sishauri, mana hakina zile nyuzi nene za vijisanduku zinazozuia mpasuko usikimbie, kikichanika shubiri moja kinakwenda mpaka mwisho.

Kwa hiyo njia nzuri kwako ni mtumba. Wayfarer bado zinashindana Uingereza, Denmark, Canada, Marekani, na watu wa mashindano hubadilisha spinaka zikiwa bado zina maisha kwa mtu kama wewe asieshindana. Chama cha wenye Wayfarer Uingereza wanatangaza vitu vilivotumika, anzia huko. Spinaka nzima haifiki hata kilo moja, inaingia kwenye begi la mtu yoyote, na nani Pemba hana jamaa yake London au Milton Keynes anaekuja Idi. Yangu ya sasa ilikuja kwenye begi la shangazi pamoja na nguo za watoto.

Ukikosa ya Wayfarer, tafuta za boti ndogo za mashindano za aina nyengine zinazokaribiana. Spinaka ya Fireball na ya 470 ni takriban mita 13 za mraba, na 470 iko Olimpiki tangu 1976 kwa hiyo spinaka zake zilizotumika zimejaa kila pahala. Ila ukubwa wa jumla usikutoshe, muulize muuzaji urefu wa pembeni uulinganishe na ule uliopiga hesabu. Ya 420 ni ndogo, kama mita 9, na mie nnaipenda kwa mtu anaeanza. Niliwahi kuitweka kwenye Wayfarer hapa ghuba ya Menai kusi likiwa zuri, mti nikaupandisha juu kidogo mlingotini ili kona mbili za chini zikae sawasawa, na ilikwenda raha, tena wanafunzi waliokuwemo hawakuogopa. Hasara yake ni kwamba upepo ukipungua huoni tofauti kubwa. Zile spinaka za kisasa za upande mmoja zinazofungwa kwenye mti unaotokeza omoni usijishughulishe nazo, boti yako haina mti huo.

Muuzaji mwambie apime hivi, na we ukiipata pima tena: aikunje katikati pembe kwa pembe ailaze sakafuni, apime urefu wa ukingo wa pembeni, apime ukingo wa chini wote kona mpaka kona, halafu kutoka katikati ya ukingo wa pembeni mpaka kwenye mkunjo, hiyo azidishe mara 2 ndio upana wa kati. Kujua mita za mraba, upana wa kati zidisha mara 4, ongeza upana wa chini, zidisha kwa urefu wa pembeni, gawa kwa 6. Spinaka yenye pembeni mita 4, chini mita 2.4 na kati mita 2.6 inakupa kama mita 8.5. Muuzaji akikataa kupima mwache, kuna wengine.

Uliza pia ilivokatwa. Za zamani vipande vyake vimelala kwa mlalo kutoka juu mpaka chini, hizo nzuri upepo ukiwa nyuma kabisa, ila upepo ukija kwa ubavuni zinavutika karibu na kona ya juu na tumbo linahama. Zile ambazo vipande vinatoka kwenye kona zote tatu kama miale zinastahamili ubavu zaidi. Kwa njia yako ya Misali mie ningechukua ya miale hata kama ni ndogo kidogo na rangi imefifia.

Uzima wa kitambaa ndio kitu ambacho picha haikwambii vizuri. Jua linaiua nailoni kuliko chumvi, na jua letu unalijua. Spinaka nzima ukiikunja mkononi inalia krakra, iliyokwisha ni laini kama khanga kuukuu. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize, pumzi ikipita bila ya kupingwa basi upepo nao utapita. Shika kwa dole gumba mbili karibu na kona ya juu uvute kwa nguvu ya kawaida, kikitoa mwanya kwenye nyuzi usinunue. Kwa anaeuza mbali mwambie aishike dhidi ya dirisha apige picha, matobo yote utayaona, na apige karibu karibu zile kona tatu. Kiraka kimoja au viwili vizuri sio tatizo, tatizo ni mpasuko unaofuata mshono mana hapo ujue uzi wote umeoza.

Ikishafika, kila ukirudi ioshe kwa maji ya bomba na uianike kivulini, sio kwenye mlingoti ikipepea juani mchana kutwa kama wanavofanya wengi, kupepea kule kunaimaliza. Usiifungie mbichi kwenye mfuko. Ukitaka kubandika kiraka cha tepu ya spinaka, futa kwanza chumvi kwa spiriti ikauke, la sivyo kinabanduka siku ya pili.

Jengine, na hili nnakwambia kwa msisitizo: spinaka ikiwa juu huoni mbele. Njia ya Wesha ina madau na ngalawa na watu wanaotega nyavu, hao hawana injini ya kukukwepa. Weka mtu mmoja kazi yake iwe kuchungulia chini ya tanga tu. Na kusi likichachamaa mwezi wa sita wa saba, ukiona maji yanapiga povu jeupe kila pahala, teremsha mapema kabla hujafika kwenye mkondo wa nje.

Nitumie I na J yako hapa pamoja na urefu wa mti wa spinaka, ntakupigia hesabu na ntakuangalilia na hizo za 470, mana kuna jamaa Dar wa klabu ya yoti walikuwa wanazitoa. Hiyo iliyooza usiitupe, hata ikichanika ipime kona kwa kona kabla haijakwisha kabisa, na utie alama vipande vimekaa vipi, mana fundi akija kushona ile ya kit atataka kuona kona zilivoimarishwa na pete zilivotiwa.