Kijana kaajiriwa juzi, leo ndo bosi: imekaaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma Bengaluru, India, na mwenye nyumba wangu ni injinia wa serikali ya jimbo la Karnataka, basi kila jioni akirudi ni lawama tu, eti kijana aliyemkuta kazini saivi ndo anamsainia likizo kisa ni Dalit, wale wa tabaka la chini kabisa. Najua kule kuna nafasi zinatengwa kwenye kuajiri, kumbe hadi kupanda vyeo? Mzee ana hoja au ni wivu?

JIBU: Marahaba. Hadi kupanda vyeo, ndio, ila kwa Dalit na Adivasi (watu wa makabila ya asili) tu. Serikali kuu inawatengea asilimia 15 na 7.5, wale wa tabaka zingine zilizoachwa nyuma wana asilimia 27 mlangoni, wakati wa kuajiriwa, basi, juu huko wanapambana wenyewe. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Indra Sawhney ilisema mgao uishie kwenye ajira, 1995 Bunge likachomeka kifungu cha 16(4A) kwenye katiba mgao wa vyeo ukabaki.

Ila kinachomuuma mzee wako nadhani sio kile cheo kimoja, ni orodha ya senioriti, yaani nani yuko mbele ya nani kazini. Tuseme mzee alikuwa namba 3 na kijana namba 20, nafasi ikatokea, rosta (orodha ya zamu za mgao) ikasema hii ni ya Dalit, kijana akapanda, mzee akaja kupanda miaka mitatu baadaye. Sasa ngazi ya juu zaidi kuna nafasi haina mgao wowote, nani anaitwa kwanza? Mahakama 1995 na tena 1999 kwenye kesi ya Ajit Singh ikasema mzee akishafika ngazi ile anarudi mbele ya kijana kama zamani. Bunge likakataa, 2001 likapitisha marekebisho ya 85 ya katiba: aliyetangulia kufika anabaki mbele, tena ihesabiwe kuanzia Juni 1995! Yaani sheria ya leo inapanga foleni ya juzi, hapo hata mimi ningenuna kidogo.

Na Karnataka ndo wameumizwa kichwa hasa. Sheria yao ya 2002 ya senioriti hiyo ilifutwa na mahakama 2017 kwa sababu jimbo halikuleta takwimu kuonyesha Dalit na Adivasi ni wachache kwenye vyeo, kitu ambacho kesi ya Nagaraj ya 2006 ilishakidai, orodha zikatakiwa kupangwa upya. Jimbo likaenda kukusanya takwimu, likatunga sheria nyingine 2018, na 2019 mahakama ikaipitisha. Kwahiyo kununa anaruhusiwa, ila kisheria kijana yuko mbele yake kihalali kabisa, hajaruka foleni.

We muulize tu kila mmoja alipanda lini, manake tarehe ya kuajiriwa anayoishikilia kila jioni sio inayoangaliwa hapo. Muulize ukiwa umeshalipa kodi lakini.