Ukitaka kufufua bustani ya zamani, kaa kwanza uwaangalie watu

Juzi usiku nimepata meseji ya mdada mmoja wa Mombasa, kaona picha nilizoposti za watoto wakila Idd kwenye bustani yetu hapa Tanga, akaniuliza, "Shikamoo dada, mlifanyaje? Sisi yetu ya tangu mkoloni imebaki vichaka na walevi." Nikaanza kumjibu kwa kifupi nikaona siwezi, habari hii ni ndefu na ina machungu yake, bora niandike hapa na wengine msome, maana najua wengi wenu mnatamani kama mimi kuona mitaa yenu inapendeza.

Mi nimezaliwa Unguja na nimelelewa Forodhani. Mama alikuwa anauza mishikaki ya pweza pale kwenye bustani ya ufukweni, kwa hiyo jioni zangu zote za utoto ni pembeni ya meza yake, moshi wa mkaa machoni, lile jumba la kisultani la Beit el Ajaib limesimama nyuma yetu. Bustani ile ilitengenezwa miaka ya 1930, enzi za Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa Jubilee. Nilivyoikuta mimi ilikuwa imechoka kabisa, ukuta wa bahari unamong'onyoka, mvua ikinyesha ni tope tupu. Ikafungwa, taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikaitengeneza upya, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena ikiwa na njia za mawe, taa, ukoka na sehemu ya watoto kuchezea. Na wauza vyakula wakarudi! Urojo upo, maji ya miwa yapo, vijana wa makachu mpaka leo wanajirusha baharini magharibi ikikaribia. Mimi lakini akilini nilibaki na taa na ukoka tu, hao watu sikuwaona, na hilo ndilo lililonigharimu.

Nilipoolewa huku Tanga nikakuta bustani ndogo mtaani, mabenchi ya saruji yamevunjika, kibwawa cha zamani kimejaa makopo, katikati mkungu mmoja mkubwa wenye kivuli cha kutosha harusi. Tukajikusanya kina mama tukachangishana, mwenyekiti nikawa mimi. Tukanunua ukoka, tukapaka rangi, tukazungusha waya, tukaweka geti na kufuli saa kumi na mbili jioni, na kibao cha kukataza watu kukanyaga majani. Nilijiona nimejenga Forodhani yangu.

Miezi minne hakuingia mtu. Kaskazi ikapiga, ukoka ukakauka ukawa kama chelewa.

Asubuhi moja nikakuta waya umekatwa, nikapandwa na hasira nikaenda kuangalia kwa karibu. Umekatwa kwa koleo vizuri kabisa, na ncha zote zimekunjwa kwa ndani ili zisichane nguo ya anayepita. Pale pale palipokatwa ndipo ilipokuwa njia ya zamani, kina mama walikuwa wanapita hapo kwenda sokoni, sisi tukaiziba bila hata kuuliza. Yani huyo mkata waya aliwafikiria majirani kuliko sisi kamati nzima. Nilikaa kwenye benchi nikalia.

Basi nikachukua daftari, siku tatu nikashinda pale kuanzia alfajiri mpaka usiku naandika nani anapita, saa ngapi, anafanya nini. Muuza kahawa yupo nje ya waya tangu swala ya alfajiri, wazee wa bao wamehamia barazani kwa watu, watoto wa madrasa saa kumi hawana pa kucheza, na walevi wanakuja giza likishaingia kwa sababu hakuna mtu mwingine. Tukang'oa geti. Ile njia ya sokoni tukaitandika matofali, muuza kahawa akapewa kivuli cha mkungu, mama mmoja akaanza kukaanga mihogo jioni, tukafunga taa mbili za sola. Walevi hakuwafukuza mtu, waliondoka wenyewe.

Idd hii ndio ikawa sherehe ya kwanza. Akaja mkubwa mmoja, akashika maiki akashukuru wafadhili na viongozi, sisi kina mama hatukutajwa hata kwa bahati mbaya, nami nimesimama pale rangi bado iko kwenye kucha. Iliniuma na bado inaniuma, siwafichi.

Sasa nawaambia ndugu zangu, msianze na ramani, msianze na rangi. Anzeni na watu wanaopatumia hapo sasa hivi, hata kama ni kwa kupita tu. Nendeni usiku pia! Na mchimbe habari za umiliki wa ardhi mapema, bustani ikilala kuna mtu anaipigia mahesabu. Nairobi mwaka 1989 lilitaka kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, ni mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake waliosimama kidete kulizuia, na walitukanwa kweli kweli. Kwa hiyo ukitukanwa vumilia, usipotajwa vumilia, lakini hao watu usiache kuwaangalia.

Mdada wa Mombasa, lingine ni maji. Wekeni koki ya chuma, ya plastiki kwetu imevunjika mara mbili, na ufunguo wake apewe anayefika wa kwanza kila siku. Kwetu anao muuza kahawa.