"Ndege Hii Nimeilipia Mimi": Maswali Yenu Kuhusu Abiria Wagumu wa Ndege Binafsi

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaofanya kazi kwenye ndege binafsi za biashara waniandikie kuhusu abiria wanaowatia tumbo joto. Barua zimetoka kwa wahudumu, kwa marubani, na hata kwa wasaidizi wa mabosi wenyewe. Nilihudumu kwenye ndege hizi kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa peke yangu kabini, na sasa nawafundisha wanaoanza. Nitawajibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu.

Shikamoo shangazi. Ndiyo kwanza nimeanza kazi kwenye ndege ya kukodi yenye viti 12. Kuna mteja wetu wa kila mara ambaye hujilaza kwenye sofa kabla hata hatujaondoka. Nikimwomba afunge mkanda hunijibu, "Ndege hii nimeilipia mimi." Naogopa nikimkazania atapiga simu ofisini nifukuzwe. — Mhudumu mpya

Marahaba mwanangu. Kwanza, iondoe hofu ya hiyo simu. Abiria akilala bila mkanda wakati ndege inapaa, lawama itamfikia rubani na kampuni kabla haijakufikia wewe, na ofisini wanalijua hilo. Ukisimama imara unawalinda wao pia.

Pili, nataka ujue kisa hiki. Tarehe 14 Septemba 1999, ndege aina ya Falcon 900 iliyobeba ujumbe wa serikali ya Ugiriki ilikuwa ikitoka Athens kwenda Bucharest. Ilipokuwa ikiteremka ilianza kupanda na kushuka kwa nguvu, mara kadhaa mfululizo, kwa muda mfupi sana. Watu 7 walifariki, akiwemo naibu waziri wa mambo ya nje, Yannos Kranidiotis. Ndege yenyewe ilitua. Wengi wa waliokuwamo hawakuwa wamefunga mikanda, wakarushwa darini na kwenye samani za kabini. Sikuambii umsimulie mteja wako habari hii. Ni yako wewe, ili siku akikukemea sauti yako isitetemeke.

Sasa namna ya kumwambia. Zungumza naye kabla mlango haujafungwa, maana mlango ukishafungwa na wageni wake wameketi, atakuwa na hadhi ya kulinda mbele yao. Inama ufike usawa wa macho yake, sema kwa sauti ya chini, na uanze na kile anachokitaka. Huyu wako anataka kulala. Mwambie: "Mheshimiwa, tutaondoka mara tu mkanda wako ukishafungwa, na tukifika juu nitakutandikia sofa upumzike." Akishajilaza, mfungie mkanda juu ya blanketi, umweleze na sababu: ukiuona mkanda huo hutalazimika kumwamsha hewa ikichafuka. Abiria wengi hukubali kwa neno hilo moja la kutoamshwa.

Soma pia kitabu cha ndege yako, kwa sababu kwenye ndege nyingine baadhi ya viti vya sofa haviruhusiwi kukaliwa kabisa wakati wa kupaa na kutua.

Akikataa baada ya kumwomba mara mbili, usiombe mara ya tatu. Chukua simu ya ndani umwambie kapteni kwamba kabini haiko tayari. Ndege haitasogea. Kapteni akitoka na kusimama mbele yake, suala limeshatoka mikononi mwako na limefika kwa mtu ambaye sheria za kimataifa za anga, chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, zimempa kauli ya mwisho ndani ya ndege. Kapteni asiyetaka kuinuka kwa jambo kama hili ni tatizo kubwa kuliko abiria wako, na hilo unapaswa kulipeleka ofisini.

Dada, habari za kazi. Mimi ni rubani msaidizi. Wateja wetu huchelewa, halafu wanataka tufidie muda angani. Mwezi uliopita tulikuwa tunaelekea uwanja unaofungwa usiku, hali ya hewa mbaya, na msaidizi wa mteja akawa anapiga simu ofisini kila mara kusisitiza tutue palepale. Kapteni wangu alikasirika lakini hakusema kitu. Tunaepukaje hali hii?

Swali lako ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote, kwa sababu hayo yote yamewahi kutokea pamoja, jioni moja. Tarehe 29 Machi 2001, ndege ya kukodi aina ya Gulfstream III iliondoka Los Angeles kwenda Aspen, Colorado. Abiria walichelewa, ndege ikaondoka nyuma ya ratiba. Uwanja wa Aspen umezungukwa na milima, na ndege ile haikuruhusiwa kutua baada ya giza kuingia. Mteja alikuwa ameshaonyesha hasira aliposikia kwamba huenda wakapelekwa uwanja mwingine. Wakati wa kukaribia kutua, abiria mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani. Theluji ilikuwa inaanguka, njia ya kutulia haikuonekana vizuri, na marubani wakaendelea kushuka. Wote 18 walikufa. Wachunguzi wa Marekani walisema kosa la msingi lilikuwa kushuka chini ya kiwango kilichoruhusiwa bila kuiona njia, na miongoni mwa yaliyochangia walitaja shinikizo la mteja, kuchelewa kuondoka na ile marufuku ya kutua usiku.

Ndugu yangu, mteja yule hakuwa anataka kufa. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba akisukuma, mambo husogea. Shinikizo likishafika chumba cha marubani ndege ikiwa inashuka, mmeshachelewa, kwa hiyo kazi yote inafanyika chini, kabla ya kuondoka.

Kapteni amwendee mteja mwenyewe, ana kwa ana, asimtumie msaidizi, amwambie saa. Aseme hivi: "Tukiondoka baada ya saa fulani, hatutatua pale. Tutatua uwanja ule mwingine, na magari yatakuwa yanawasubiri." Kisha magari yaitwe kweli, wakati huohuo, hata kama hayatahitajika. Nimeona mara nyingi jinsi mtu mkali anavyolegea akishaambiwa gari lipo na dereva anajua njia. Kinachompandisha hasira ni kudhani kwamba ataachwa kwenye uwanja asioujua, usiku, hana la kuwaambia watu wanaomsubiri. Ukimwondolea picha hiyo, umemwondolea sababu ya kusukuma.

Saa za kazi za marubani nazo zitajwe mapema. Zina kikomo kisheria, na mteja anayechelewa anazila saa hizo mkiwa mmekaa chini. Asilijue jambo hilo saa tano usiku kwa mshangao.

Halafu nyinyi wawili mle ndani mkubaliane kabla ya injini kuwashwa: mmoja wetu akisema "twende uwanja mwingine", tunakwenda, na mjadala utafanyika hotelini. Mtu akipiga simu ofisini, simu iishie ofisini. Mhudumu naye awe ukuta wenu. Marekani sheria ya kutowasumbua marubani chini ya futi 10,000 ipo tangu 1981, na mimi naisimamia popote: abiria yeyote anayetaka kwenda "kusema nao kidogo" wakati ndege inashuka anarudishwa kitini kwa upole. Kile kiti cha ziada kibaki kitupu.

Ukimya wa kapteni wako unanitia wasiwasi kuliko hasira yake. Mwulize alichokuwa anafikiri. Mwulize mkiwa mnakula, siyo mkiwa kazini.

Mimi ni msaidizi binafsi wa mkurugenzi. Mara nyingi dakika za mwisho anaongeza wageni wawili, au mizigo, au mbwa wa rafiki yake, na marubani wananikunjia uso mimi. Nifanyeje?

Piga simu ofisi ya safari ya kampuni ya ndege mara tu unaposikia, hata kama bosi hajaamua. Watu wawili na mizigo yao ni uzito, na uzito unaweza kumaanisha kupunguza mafuta, na mafuta yakipungua huenda mkalazimika kutua njiani kuongeza. Majina na pasipoti lazima yawe kwenye orodha ya abiria, na mbwa anayevuka mpaka ana karatasi zake. Mwambie bosi ukweli kwa lugha ya muda: "Wakija hao wawili, tutachelewa kufika kwa sababu tutatua kuongeza mafuta." Mwachie yeye achague. Mabosi ni watu wa kuchagua, hupenda kupewa mambo mawili yaliyo wazi.

Shangazi, abiria wetu huja na chupa zao wenyewe. Wakishafika juu wanakunywa mpaka wanaanza kugombana. Nikisema pombe imekwisha wanacheka, maana wanajua walichokileta.

Basi usiseme imekwisha. Ukikamatwa kwa uongo mdogo, hawatakuamini siku utakapowaambia jambo kubwa.

Jua kwanza kwamba mwili wa mtu angani uko kama mlimani. Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya kabini huwa sawa na ya mahali palipo futi 6,000 hivi, na kwenye ndege nyingine zaidi ya hapo, tena ni kavu. Mtu anachoka upesi, anakauka, na pombe inamwelemea kuliko alivyozoea. Kwa hiyo anza na maji kabla hajaomba kitu kingine, chakula kitangulie glasi ya pili, na chupa zote zikae jikoni kwako. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Chupa ikiwa mezani, wao ndio wanaojimiminia. Ikiwa jikoni, mwendo wa karamu unauongoza wewe. Marekani, kwenye ndege za kukodi, sheria inasema abiria asinywe pombe ila aliyopewa na kampuni inayoendesha ndege, na anayeonekana amelewa asipewe. Uliza kampuni yako inafuata sheria gani, uijue kwa maneno yake, uitaje kwa utulivu.

Anayekuja mlangoni tayari amelewa si wako. Mwite kapteni kabla hajapanda ngazi.

Mteja wetu mmoja haridhiki na chochote. Taa kali, taa hafifu, chai ya moto, chai ya baridi, mto si ule. Nimechoka naye. — Mhudumu wa ndege ya familia

Mwangalie mikono yake ndege inapopaa. Katika watu wa namna hii niliowahudumia, wengi walikuwa wanaogopa kuruka na hawakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wao ndio wanaoogopwa na wengine wote. Mtu aliyezoea kuongoza kila kitu ameketi mahali ambapo haongozi chochote, kwa hiyo anaiongoza chai.

Jaribu kumpa habari badala ya mto. Mwambie lini mtaanza kushuka, kwa nini sauti ya injini imebadilika, na kwamba kapteni anategemea msukosuko kidogo kwa dakika kumi hivi. Usimwambie "unaogopa?" hata kidogo. Na kila alichokilalamikia kiandike kwenye karatasi yake ya mapendeleo, ili safari ijayo akikute umeshakiweka. Si wote watakaobadilika. Wengine ni wakorofi tu, na kwao unafanya kazi yako vizuri, unateremka, unakwenda kulala.

Shangazi, naomba usitaje mahali nilipo. Kuna rafiki wa mwenye ndege ambaye hunishika kiunoni kila nikipita. Safari iliyopita alinifuata jikoni. Niko peke yangu kabini, na nimesaini mkataba wa kutunza siri. Wiki ijayo anasafiri tena.

Binti yangu, mahali pako hapatatajwa. Na huna kosa lolote, si kwa mavazi, si kwa tabasamu, si kwa kunyamaza ulivyonyamaza.

Mkataba wa siri uliwekwa ili usitoe nje mazungumzo ya biashara na mambo ya familia. Mtu yeyote asikudanganye kwamba unakuzuia kumwambia mwajiri wako au polisi kwamba umeguswa bila ridhaa. Kapteni naye ana nguvu za kisheria ambazo wahudumu wengi hawazijui: Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa mamlaka, ndege ikiwa katika safari ya kimataifa, ya kumdhibiti mtu anayehatarisha usalama au utaratibu ndani ya ndege, kumteremsha, na kwa kosa zito kumkabidhi kwa mamlaka za nchi ndege inapotua. Haubagui ndege ya abiria mia tatu na ndege ya abiria wanane.

Akikugusa, sema kwa sauti ya kusikika na wengine, bila kucheka: "Tafadhali usiniguse." Usiongeze samahani. Rudi jikoni, funga pazia au mlango kama upo, piga simu ya ndani utaje neno la siri mliloafikiana na marubani. Rubani mmoja atoke. Huduma iliyobaki kwa kiti kile ipitie mezani, ukiwa umesimama upande wa pili, au isiwepo. Mkitua, andika siku hiyohiyo: saa, kiti, alichofanya, ulichosema, nani aliona. Maneno machache, bila kuielezea tabia yake. Mwombe kapteni naye aandike yake.

Lakini usisubiri safari hiyo. Mpigie kapteni kesho asubuhi, umweleze yote mawili, la kiuno na la jikoni, na umwombe mambo matatu kabla hujakubali kupanda: mpange neno la siri, mwenye ndege aambiwe na kapteni mwenyewe, na awekwe mhudumu wa pili au rafiki huyo asafiri kwa njia nyingine. Wakikataa yote matatu, usipande ndege ile. Niandikie jioni hiyohiyo, nitakusaidia kuitunga barua ya malalamiko neno kwa neno.