Jibu: Programu gani ya kupangia safari ya familia Dar hadi Kigali kwa gari?

Mkuu, umesema mnaenda Kigali kwa gari lenu Desemba, familia nzima, na unatafuta programu ya kuweka mipango yote mahali pamoja. Njia hiyo nimeipita na familia, na mshika daftari nilikuwa mimi, kwa hiyo nakupa niliyoyatumia mwenyewe.

Hizo programu maarufu za safari, mfano TripIt, si mbaya, ila zinaishi kwa barua pepe. Unazitumia barua pepe ya tiketi au ya hoteli, zenyewe zinasoma tarehe na kukupangia ratiba. Sasa hesabu safari yako itakuwa na barua pepe ngapi. Gesti ya Singida utaongea na meneja WhatsApp, kianzio utatuma kwa simu, uthibitisho utakuja kwa SMS. Programu haina cha kusoma. Anayepanda ndege kwenda Dubai itamfaa, sisi wa barabarani tutaijaza kwa mkono kila kitu.

Kama ni kujaza kwa mkono, bora Google Sheets. Mstari mmoja kwa kila kituo: tarehe, mji, mnapolala, namba ya mwenyeji, mlicholipa, kilichobaki, na namba ya muamala. Hiyo ya mwisho usiidharau. Kahama tulifika usiku, mapokezi wakasema malipo yetu hawayaoni. Nikafungua jedwali nikawasomea namba, dada akampigia bosi wake, wakaikuta, tukapewa vyumba. Watoto walikuwa wameshalala kwenye viti vya mapokezi. Ningeanza kupekua SMS katikati ya matangazo ya bando pangekucha.

Ruhusa ya kuhariri mpe mtu mmoja tu zaidi yako, wengine wasome. (Mashemeji hasa wasome tu.) Washa matumizi bila intaneti kwenye simu mbili kabla hamjaondoka. Kwa hela, weka safu ya shilingi na ya faranga za Rwanda, na kiwango cha kubadilishia ukiandike kwenye kisanduku kimoja juu, hesabu zote zikichukue hapo.

Cha kuangalia sana ni saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka mpaka wa Rusumo saa nane mchana, kwao ni saa saba. Simu ikijibadilisha, kalenda inasogeza kila ulichoweka, na miadi ya Kigali ya saa nne asubuhi uliyoiandika ukiwa Dar kwa saa za Dar itaonekana saa tatu. Kwa hiyo kwenye Google Calendar, tukio la Kigali lichagulie saa za Kigali tangu unapoliandika. Halafu andikeni wote kwa mtindo mmoja, 10:00 na pembeni "saa nne asubuhi". Akiambiwa "saa nne" mtu akaingiza 4:00, kengele italia alfajiri mmelala.

Ramani pakua za njia nzima ukiwa kwenye Wi-Fi. Google Maps bila intaneti inakuongoza vizuri ukiwa na gari, ila foleni haikuonyeshi. Kila gesti iwekee pini mapema, maana nyingi ukizitafuta kwa jina huzipati. Na ukishavuka mpaka unahamia kulia mwa barabara, kwa hiyo panga mvuke mchana.

Nyaraka piga picha uziweke kwenye folda moja ya Drive: pasipoti, kadi ya gari, na kadi za njano zote mbili, ya chanjo ya homa ya manjano na ya bima ya gari ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika). Picha ni akiba tu, mpakani wanataka karatasi yenyewe. Rusumo ni kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili mnawakuta sehemu moja, kwa hiyo ziwe mkononi, zisiwe kwenye begi lililo chini ya mizigo. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008.

Kama gari lina jina la mtu mwingine, ongeza mstari wa barua ya ruhusa ya mwenye gari, na uishughulikie kabla ya hata kulipia gesti.